Brendan Fraser wa The Mummy: aliangushwa au alijiangusha mwenyewe?

#1 Mkongwe wa Kibandani
Wakuu, salama?

Kila ukifika msimu wa tuzo, hadithi ya mwigizaji Brendan Fraser inapashwa moto upya. Jamaa alionewa, akapotea, akalia, akapewa Oscar kwa muvi ya The Whale. Mimi nakataa. Huyu bwana aliporomoka kwa mikono yake mwenyewe. Umetoka kufanya The Mummy mwaka 1999, imeingiza zaidi ya dola milioni 400, hadi kibanda umiza cha Mbagala wanakujua kwa sura. Halafu unaenda kukimbizana na sungura wa katuni (Looney Tunes, 2003) na kumalizia na kupigwa mawe na wanyama wa porini (Furry Vengeance, 2010). Hapo unamtafuta mchawi wa nini?

Angalieni School Ties ya 1992. Steringi alikuwa yeye, Matt Damon na Ben Affleck wapo pembeni. Wale wawili wakakaa chini wakaandika muvi yao, mwaka 1998 wakabeba Oscar ya uandishi. Yeye mwaka uliotangulia alikuwa amevaa kigozi anajigonga kwenye miti.

Mnipinge kwa hoja, siyo kwa machozi.

#2 Kaka Jambo
Natandika jamvi hapa. Uzi utanoga huu.

#3 Binti Sayari
Mleta mada una roho ngumu. Umesoma mahojiano yake na jarida la GQ ya Februari 2018? Alieleza kwamba mwaka 2003, kwenye hafla ya chakula cha mchana pale Beverly Hills Hotel, aliyewahi kuwa rais wa chama cha waandishi wa habari wa kigeni, wale waliokuwa wakitoa tuzo za filamu za Golden Globe, alimshika sehemu za mwili bila ridhaa yake. Mhusika alikana, akasema ulikuwa utani. Chama kikafanya uchunguzi wake, na kwa maelezo ya Fraser, wakataka watoe tamko la pamoja kwamba ulikuwa utani. Akagoma.

Alisema baada ya tukio lile alijifungia ndani, akajilaumu, akawa haoni raha ya kazi. Na simu za kualikwa kwenye tuzo zile zikakauka. Mtu kama huyo unamwambia alijiangusha?

#4 Ngosha wa Pamba
Muvi ya Tarzan ile nimeicheka sana utotoni. Kumbe jamaa alipitia haya.

#5 Fundi Projekta
@Ngosha siyo Tarzan, ni George of the Jungle, ya Disney, 1997. Tarzan akirukia kamba anafika. George akirukia kamba anakutana na mti. Ndiyo muvi nzima hiyo.

#6 Ngosha wa Pamba
Kwani mti na kamba ni vya Tarzan peke yake? Songa mbele mkuu.

#7 Mchambuzi Huru
@Binti Sayari naheshimu hoja yako, tena sana, ila tuweke miaka mezani. Tukio ni 2003. Baada ya hapo akaonekana kwenye Crash, iliyobeba Oscar ya filamu bora. Mwaka 2008 peke yake ana Journey to the Center of the Earth, imeingiza zaidi ya dola milioni 240, na Mummy ya tatu ya kule China na Jet Li, imegusa milioni 400. Mtu aliyefungiwa vioo Hollywood hapewi muvi mbili za bei hiyo kwenye mwaka mmoja.

Sisemi tukio halikutokea. Nasema halielezi anguko. Anguko lilikuja 2010, na sababu itakuwa nyingine.

#8 Binti Sayari
@Mchambuzi Huru kuumia hakuna tarehe ya kuisha. Umewahi kuona mtu anaenda kazini kila siku na ndani amekwisha? Mimi nimefanya kazi na dada wa namna hiyo miaka mingi. Siku aliyoacha kazi ofisi nzima ilishangaa, mimi sikushangaa.

#9 Nesi wa Zamu ya Usiku
Mnabishana kuhusu tuzo, hamjagusa mgongo. Mimi niko wodi ya mifupa, nawaambia kilichonishtua kwenye yale mahojiano siyo alichokileta Binti, ni orodha ya upasuaji.

Huyu mtu alikuwa anafanya mwenyewe vituko vingi vya hatari. Kufika Mummy ya tatu, alisema alikuwa anajifunga mwilini barafu na pedi za plastiki kila siku ili aweze kusimama mbele ya kamera. Baada ya hapo akafanyiwa laminektomi. Kwa lugha nyepesi, unakatwa kipande cha mfupa wa nyuma ya pingili ili mishipa ya fahamu ipate nafasi. Ya kwanza haikushika, ikarudiwa baada ya mwaka. Goti likawekwa sehemu ya bandia. Mgongo ukafunguliwa tena, pingili zikafungwa pamoja. Hadi nyuzi za sauti zikafanyiwa kazi. Jumla yake ni karibu miaka saba ya kuingia na kutoka hospitali.

Mgonjwa wa laminektomi ya kwanza tu, tukimtoa kitandani siku ya pili, anashika reli ya kitanda kwa mikono yote miwili na jasho linamtoka kwa hatua tatu. Huyo ndiye mnataka akapande farasi jangwani?

#10 Mkongwe wa Kibandani
@Nesi nakupa heshima yako, ila wapo wanaofanya vituko zaidi yake. Jackie Chan kavunjika mifupa mingi tu na hakuacha kufanya kazi.

#11 Nesi wa Zamu ya Usiku
Jackie Chan alilelewa kwenye shule ya opera tangu mdogo, mwili wake ulifundishwa kuanguka kabla hajajua kusoma. Fraser alisomea uigizaji wa jukwaani. Ni miili miwili tofauti, mkuu.

#12 Otis wa Umoja
Niaje wadau, salamu kutoka Nairobi.

Hapo kwa vituko niongeze moja. Mnakumbuka mwanzo wa The Mummy akinyongwa pale gerezani? Ile kamba ilimnyonga kweli. Amesimulia mwenyewe kwa runinga: alikuwa amesimama kwa ncha za vidole vya miguu, mwongozaji akataka ionekane imekaza zaidi, kamba ikavutwa kidogo. Kushtukia, dunia imelala upande, kiwiko kiko sikioni na kokoto ziko katikati ya meno. Alizimia. Sisi huku tulikuwa tunapiga makofi tukidhani jamaa anajua kuigiza.

#13 Kaka Jambo
Kibandani kwetu ile sehemu watu walikuwa wanamwambia mtafsiri aache kuongea. Na alikuwa haachi. Jamaa ananing'inia, mtafsiri anatangaza kesho kuna mkanda mpya wa Van Damme.

#14 Fundi Projekta
@Otis na hapo siyo Misri, mlikuwa mnajua? Walipigia Moroko, Marrakech na jangwani kule Erfoud, kwa sababu hali ya Misri ilikuwa haitabiriki. Na yule adui, Imhotep, siyo Mmisri wala Mwarabu. Arnold Vosloo, Mkaburu wa Pretoria.

#15 Ngosha wa Pamba
Imhotep ni Mkaburu?? Nimeishi bure.

#16 Shangazi wa Scarborough
Habari zenu wanangu. Nipo Toronto mwaka wa kumi na kitu sasa, na huku Fraser ni mtoto wa nyumbani. Alisoma Upper Canada College hapahapa mjini. Mwaka 2022 wakati wa tamasha la filamu la Toronto walimpa tuzo, akasimama pale akasema mara ya mwisho kusubiri jina lake liitwe apewe tuzo alikuwa darasa la nne, kwenye ligi ya watoto ya kurusha tufe la bowling. Watu walicheka, yeye machozi yanamlengalenga. Na Oscar yake magazeti ya huku yaliandika kwamba ni Mkanada wa kwanza kupata ile ya mwigizaji bora wa kiume.

#17 Mchambuzi Huru
Shikamoo shangazi. Ila kuzaliwa alizaliwa Indianapolis, Marekani, Desemba 1968. Wazazi ndio Wakanada, baba alikuwa kwenye ofisi ya utalii ya serikali ya Kanada wakawa wanahamahama. Na chuo alisomea Seattle, Cornish College of the Arts.

#18 Shangazi wa Scarborough
Marahaba mwanangu. Mtoto wa Mpemba akizaliwa Muscat anakuwa nani? Tuachie mtu wetu.

#19 Mume wa Mtu
Wote mnazunguka. Jibu liko mahakamani. Ndoa ilifungwa 1998, wakatangaza kutengana mwishoni mwa 2007. Magazeti yaliripoti alitakiwa kulipa jumla ya dola 900,000 kwa mwaka, akarudi mahakamani kuomba apunguziwe kwa sababu kipato hakipo. Piga hesabu: huwezi kukaa ukachagua kazi nzuri wakati tarehe moja inakusubiri na bili. Unachukua chochote kilichopo mezani. Furry Vengeance haikuchaguliwa na mwigizaji, ilichaguliwa na mdaiwa.

Wanaume tuchukue somo hapa.

#20 Mama Chausiku
@Mume wa Mtu kaa kwa kutulia. Ana watoto watatu, na mkubwa ana usonji, kalisema mwenyewe hadharani tena kwa upendo. Unajua gharama za kulea mtoto mwenye usonji? Mimi ninaye. Mwalimu wa pembeni, usafiri, miezi ambayo huwezi kutoka nyumbani kabisa. Huenda hata sehemu ya "kupotea" kwake ilikuwa kukaa na watoto wake. Hilo hamlifikirii kwa sababu kwenu mwanaume akiwa nyumbani basi ameanguka.

#21 Mume wa Mtu
Sijasema watoto wasitunzwe dada yangu. Nimesema tu dola ni dola.

#22 Kinyozi wa Kona
Mama Chausiku kamaliza. Mwenye la kuongeza alete kiti.

#23 Mkongwe wa Kibandani
Bado hamjanigusa. Mgongo, ndoa, lile jambo la hotelini, yote nayakubali yalitokea. Lakini Looney Tunes ni 2003, Monkeybone ni 2001, zote kabla ya goti na kabla ya mahakama. Monkeybone ilikula hasara nene. Ni macho yake mwenyewe yalisoma ule mwongozo akasema sawa.

Na kipaji alikuwa nacho, ndicho kinachoniuma. Gods and Monsters ya 1998 anakaa na Ian McKellen chumba kimoja na hamezwi. The Quiet American ya 2002, Vietnam, yupo na Michael Caine, na unashindwa kujua kama huyu kijana mpole ni msamaria au ni jasusi. Mtu mwenye uwezo ule unamtumia kumkimbiza Daffy Duck?

#24 Fundi Projekta
Mkongwe, hizo mbili ulizozitaja ziliangaliwa na nani? Umezionea wapi wewe, Mbagala? Kibandani ukiweka The Quiet American watu wanadai hela yao dakika ya kumi na tano. Muvi za watoto zilimlipa, zile za maana zilimpa sifa za magazetini. Kila mwigizaji anacheza huku na kule. Yeye hakuwa mjinga, biashara yenyewe ilibadilika. Mwaka 2008, wakati Mummy ya tatu inatoka, ilitoka pia Iron Man. Kuanzia hapo studio zikaacha kuuza sura ya mtu, zikauza vazi. Steringi wa aina yake, mcheshi, mwenye misuli, asiye na kofia ya chuma, hakuwa na pa kukaa. Wapo wengi wa rika lake waliyeyuka wakati huohuo na hawakuwa na matatizo ya mgongo.

#25 Otis wa Umoja
Hiyo ya Fundi imeniingia. Na sikia utamu wake. The Mummy Returns ya 2001 ndiyo ilimleta Dwayne Johnson kwa muvi, ile Scorpion King. Alikuwa mwanamieleka tu, mgeni kabisa, Fraser akamkaribisha. Halafu 2012 wakatoa Journey ya pili. Nani steringi? Dwayne Johnson. Fraser hayupo.

#26 Kaka Jambo
Weee. Alimfungulia geti mwenyewe.

#27 Otis wa Umoja
Si uhasama lakini. 2022 video ya tamasha la filamu la Venice ilipoenea, watu wamesimama wanampigia makofi kama dakika sita na yeye analia, Johnson aliandika kwamba jamaa ndiye alimpokea kwa kazi yake ya kwanza kabisa. Aliandika vizuri. Ila siku ile ya 2012 hatukumskia.

#28 Mchambuzi Huru
Mimi napinga neno "kupotea" lenyewe. Hakupotea, nyie ndio mliacha kuangalia alikokuwa. 2016 yupo kwenye tamthilia ya The Affair. 2018 yupo kwenye tamthilia ya Trust, ile ya utekaji wa mjukuu wa tajiri Getty. Kuanzia 2019 hadi 2023 yupo kwenye tamthilia ya Doom Patrol kama Robotman, mara nyingi unasikia sauti tu ndani ya bati. 2021 yupo na mwongozaji Soderbergh kwenye No Sudden Move, mnene, mtulivu, anatisha. Kazi haikukatika. Kilichokatika ni mabango.

#29 Binti Sayari
Na ile video ya mwishoni mwa 2016, anahojiwa kuhusu hiyohiyo The Affair? Sauti iko chini mpaka unaongeza spika, macho yanaangalia sakafuni, anajibu maneno mawili ananyamaza. Mtandao mzima ulimcheka kwanza, wakatengeneza vichekesho vya picha, ndipo wakaanza kumhurumia. Baadaye akaeleza: mama yake alikuwa amefariki siku chache tu kabla. Kiti kile cha mahojiano alikikalia akiwa na msiba.

#30 Kinyozi wa Kona
Hapa ndipo naona mimi Hollywood haikumrudisha, walimrudisha watoto wa VCD. Sisi tulioangalia The Mummy tukiwa darasa la tatu tukakua, tukapata simu na bando, tukaanza kuuliza yuko wapi. Studio ikiona watu milioni wanauliza, inajua kuna hela. The Whale yenyewe imegharimu kama dola milioni 3, imerudisha zaidi ya 50. Huruma nayo ni mtaji.

#31 Fundi Projekta
Hapo Kinyozi unampunja Darren Aronofsky. Mwongozaji yule alihangaika miaka kumi kumpata mtu wa kucheza Charlie, mwalimu mwenye kilo 270 anayefundisha kwa kompyuta na kamera kaizima. Akaja kuona trela ya muvi ndogo ya Fraser iliyopigwa Brazil, Journey to the End of the Night, ndipo akasema huyu. Siyo mtandao. Na Aronofsky ana mkono huo, ndiye aliyemfufua mwigizaji Mickey Rourke kwenye The Wrestler mwaka 2008.

#32 Ngosha wa Pamba
Journey ngapi huyu jamaa? Kila muvi ni safari.

#33 Mama Chausiku
Samahani nikiharibu sherehe, ila The Whale sikuipenda. Mtu kavalishwa vazi la kunenepesha, kamera inamzungukia akila kuku utafikiri ni maonyesho. Watu wanene wenyewe waliandika kulalamika, kwamba wao hawapewi kazi, halafu mwembamba akivaa sponji anapewa tuzo. Yeye kaigiza vizuri, yale macho yanaongea, sikatai. Muvi ndiyo inanikera.

#34 Nesi wa Zamu ya Usiku
Nakuunga mkono nusu. Mgonjwa wa uzito ule nimewahi kumhudumia, na mambo mawili waliyapatia: namna anavyohema baada ya kusimama tu, na namna anavyomwomba radhi kila mtu kwa kuwepo kwake. Mengine yametiwa chumvi.

#35 Kaka Jambo
Oscar alipata 2022 au 2023? Kuna bishano kijiweni hapa, soda iko hatarini.

#36 Mchambuzi Huru
Muvi ya 2022, Oscar usiku wa 12 Machi 2023. Siku hizohizo alibeba pia SAG, tuzo ya chama cha waigizaji, na Critics' Choice, ya wahakiki. Golden Globe aliteuliwa, akasema mapema haendi kwa sababu ya yale ya 2003, na tuzo ikaenda kwa Austin Butler wa Elvis. Miezi michache baadaye kile chama kikavunjwa na tuzo zikauzwa kwa kampuni, maana tangu 2021 kilikuwa kinaandamwa: kilibainika hakina mwanachama hata mmoja mweusi.

Lipa soda.

#37 Kaka Jambo
Nimeshinda mimi. Asante mkuu.

#38 Shangazi wa Scarborough
Mmesahau utamu mwingine wa usiku ule. Ke Huy Quan, yule mtoto wa Indiana Jones ya 1984, naye alichukua Oscar siku hiyohiyo. Na hao wawili walikuwa pamoja kwenye Encino Man mwaka 1992, Fraser anacheza mtu wa kale aliyegandishwa kwenye barafu. Miaka thelathini na moja mbele wanabeba sanamu usiku mmoja.

Na kusema kweli kuanguka kwa Quan ndiko kunanigusa zaidi. Mzaliwa wa Saigon, akaishi kambi ya wakimbizi Hong Kong, akawa nyota akiwa na miaka kumi na mbili, kisha simu ikanyamaza kwa sababu ya sura yake tu. Hakuna talaka, hakuna mgongo, hakuna muvi mbaya aliyoichagua, maana hakuletewa hata hiyo mbaya. Akaenda chuo kusomea utengenezaji filamu, akawa anapanga mapigano nyuma ya kamera. X-Men ya kwanza alikuwemo kwenye kikosi hicho.

#39 Mkongwe wa Kibandani
Huyo sasa ndiye aliyeonewa, shangazi. Umenisaidia hoja yangu: Quan alinyimwa, Fraser alichagua.

#40 Binti Sayari
Yaani kila mlango unaofunguliwa wewe unaingia na kiti chako kilekile.

#41 Otis wa Umoja
Wacha niulize swali la huku nyumbani. Muigizaji wetu akianguka anarudi vipi? Huku Kenya 2021 Omosh wa Tahidi High alijitokeza akasema maisha yamemlemea, wakenya wakachanga, akajengewa hata nyumba. Nilichanga pia. Lakini ile ni harambee, si kazi. Fraser hakuchangiwa rent, alipewa script. Nani huku ataandikia muigizaji wa miaka hamsini na nne, mnene, mwenye goti bandia, awe steringi?

#42 Kinyozi wa Kona
Huku Bongo akianguka anarudi kama MC wa harusi au anatangaza dawa za nguvu za kiume. Wachache wanarudi kama wachungaji.

#43 Fundi Projekta
Otis umeuliza la maana. Tangu Kanumba afariki Aprili 2012 tasnia yenyewe ililala chali, sasa mwigizaji ataangukia wapi na atarudi wapi? Wengi walifanya kazi kwa kulipwa mkononi siku ya mwisho ya kupiga picha, hakuna mkataba, hakuna asilimia. DVD zinauzwa Kariakoo miaka kumi, yeye anapita hapohapo anaona sura yake kwenye kasha na hana nauli. Niliwahi kushika taa kwenye seti moja, muda wa malipo ukifika mtayarishaji simu inazimwa. Ya kwangu mpaka leo haijawashwa.

#44 Mume wa Mtu
Pole sana Fundi. Hiyo ni zaidi ya talaka.

#45 Nesi wa Zamu ya Usiku
Turudi kwenye mada. Mmesikia habari za mwishoni mwa 2025 kwamba Mummy ya nne inaandaliwa, yeye na Rachel Weisz, mwenzake wa Mummy mbili za kwanza, warudi? Mimi kama Nesi napinga. Pingili zilizofungwa pamoja hazipindi. Wampe kiti, aelekeze wengine wakimbie.

#46 Mkongwe wa Kibandani
Weisz ya tatu aliikimbia wakaweka Maria Bello, na ilionekana. Akirudi yeye nalipa tiketi. Na ile ya Tom Cruise ya 2017 naomba mtu yeyote asiitaje humu.

#47 Ngosha wa Pamba
Kumbe ilikuwepo ya Tom Cruise?

#48 Mchambuzi Huru
Mummy ya nne ndiyo itakayomponza, mtaniambia. Baada ya Oscar kafanya kidogo lakini vizuri: wakili kwenye Killers of the Flower Moon ya Scorsese, halafu Rental Family ya 2025, Mmarekani aliyekwama Tokyo anakodishwa kuwa ndugu wa watu. Kazi za mtu mzima hizo. Studio ikimrudisha jangwani na bastola mbili, tunarudi kulekule kwenye vazi alilolisema Fundi.

#49 Mama Chausiku
Mwacheni apate hela. Batgirl waliipiga picha yote, kacheza adui, Warner wakaifungia kabatini Agosti 2022 bila kuitoa. Kazi umefanya, dunia haitaiona. Mummy angalau itatoka.

#50 Binti Sayari
Mkongwe, ukurasa wa tatu huu. Unabadilisha kichwa cha uzi au hubadilishi?

#51 Mkongwe wa Kibandani
Sibadilishi. Ila naongeza alama ya pili ya kuuliza.

#52 Otis wa Umoja
Uzi wa Mickey Rourke nimeufungua tayari. Msimamizi kauhamishia jukwaa la michezo, anasema jamaa alikuwa bondia kuanzia 1991, kwa hiyo aende na mabondia wenzake. Njooni huko kabla hajaufunga.